RX-8 inavuja oili kwenye rejeta ya kushoto, fundi anataka kuunganisha mipira moja kwa moja

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma hapa. Nina Mazda RX-8 ya 2005, gia sita za mkono, ile yenye rejeta mbili za oili, moja kila upande nyuma ya kona ya bampa la mbele. Ya kushoto inavuja.

Mwanzoni sikugundua, kwa sababu injini ya rotari, ile yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, inakula oili kwa asili yake. Inanyunyiziwa kidogo ndani ili kulainisha sili za rota, kwa hiyo kuongeza ni kawaida. Ila mwezi uliopita nikajikuta naongeza kila wiki. Nikatandika boksi chini ya gari usiku, asubuhi nikakuta doa lenye upana wa kiganja. Nikafungua plastiki ya ndani ya tairi, nikalala chali na tochi ya simu. Mapezi ya chini hayaonekani kabisa. Vumbi letu la huku limelowana na oili likawa tope jeusi, likagandamana kama lami. Nimelikwangua kwa kijiti cha mshikaki mpaka nikafika kwenye kona, pale mapezi yanapokutana na tangi dogo la pembeni. Tone linajikusanya pale, linavimba, linaning'inia, linadondoka. Injini ikiwa ya moto nimehesabu sekunde arobaini hivi kati ya tone na tone.

Fundi wangu namwamini, Subaru na Altezza anazifumua na kuzirudisha bila kubakiza bolti. Anashauri rejeta hiyo tuitoe, mpira wa kuingia uunganishwe na wa kutoka, nitembee na moja. Shida ya pili, nati ya bomba imegoma. Alikaza mkono mpaka shingo ya aluminiamu ikaanza kujipinda, akaacha. Nashukuru aliacha.

Gari hili nimelitafuta miaka mitatu. Kaka yangu, Mungu amlaze pema, ndiye aliyenifundisha kuendesha, na alikuwa mpenzi wa rotari tangu Mazda waliposhinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1991. Sitaki lifie mikononi mwangu. Je, rejeta moja inatosha? Hii inachomeleka? Na nati inatokaje?

Dereva wa Bahi

Pole mkuu. Safisha, paka gundi ya chuma ile ya kuchanganya mbili, subiri ikauke siku nzima. Lori letu lilitembea hivyo hadi Manyoni na kurudi.

Mama Gereji Kizota

Mdogo wangu, pole. Gundi achana nayo. Kwenye tangi la maji inaweza kukuvusha safari, ila hapa kuna oili ya moto yenye presha. Inaweza kubanduka ukiwa mbali na nyumbani, na oili ikimwagika kwenye rotari huna muda wa kujiuliza.

Kuunganisha mipira nakukataza kabisa. Fundi wako hakosei kwa nia mbaya, amezoea injini za pistoni. Kwenye rotari oili haifanyi kazi ya kulainisha peke yake, ndiyo inayoingia ndani ya rota na kuzipoza. Maji hayafiki mle. Mazda waliweka rejeta mbili kwenye hiyo ya gia sita kwa sababu inahitaji mbili. Uende na moja kwa jua la Oktoba hapa, mlima wa kwanza tu unajitafutia injini nyingine. Tena mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi ya toleo lako usiutegemee, unafanya kazi kama swichi, upo au haupo. Utakaa katikati vizuri huku hali ikiharibika.

Kuchomelea kwa gesi ya argoni kunawezekana kama ufa uko kwenye tangi la pembeni, penye nyama. Ukiwa kwenye maungio ya mapezi, aluminiamu ni nyembamba mno, na oili iliyobaki ndani inachemka na kutoboa weldi. Kwa ulivyoeleza, tafuta rejeta nyingine. Ilala kule Dar wanauza zilizotumika. Mwambie muuzaji akutumie picha ya shingo zote mbili na sehemu za kufungia, ulinganishe na yako kabla hujalipa, kisha aiweke kwenye basi. Ikifika, fundi rejeta aizibe upande mmoja, aijaze upepo, aizamishe kwenye beseni. Povu hata moja, rudisha.

Sasa nati. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja miaka ishirini na unyevu, vinashikana. Kosa la wengi ni kupigana na nati chini ya gari mpaka bomba linapinda, na bomba ndilo gumu kupata. Rejeta yako imeshakufa, itoe sadaka. Mwaga oili yote kwanza. Kata shingo ya aluminiamu kwa msumeno wa mkono, karibu na tangi, mbali na nati. Rejeta itatoka, bomba litabaki na kipande cha shingo. Fungua bomba mwisho wake wa pili, lipeleke kwenye jiriwa, osha oili yote, ndipo upashe moto kipande hicho na kukizungusha. Usipashe moto ukiwa chini ya gari.

Fundi Trekta Kibaigwa

Bomba likiharibika, wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta wanaweza kukutengenezea mpya. Ila ile ya kawaida mwisho wake ni nyuzi joto 100. Omba inayostahimili zaidi, hata kama itabidi isubiriwe.

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Rejeta ilikuja kwa basi, 280,000 pamoja na usafiri, ikapita beseni bila povu. Shingo tulikata alivyosema mama. Nati ya kwanza ilitoka kwenye jiriwa kwa mara moja, ya pili ilidai kupashwa mara tatu. Mabomba yote mawili yako salama. Oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia oili kwenye maungio, tumeweka mpya kila mahali.

Mama Gereji Kizota

Vizuri sana. Kabla ya kuwasha, kanyaga petroli mpaka chini kabisa ndipo upige stata. Kompyuta inakata petroli, injini inazunguka na pampu inajaza rejeta. Halafu pima oili kwa stiki tena, itakuwa imeshuka.

Mkazi wa Nkuhungu

Nimefanya hivyo, ilishuka karibu lita nzima, nikaongeza. Jana nimeenda Hombolo na kurudi, boksi limelala chini ya gari usiku kucha na asubuhi ni kavu. Fundi wangu amesoma haya yote kwenye simu yangu, kuanzia juu hadi chini. Jumamosi tunafungua upande wa kulia naye, tuikague na ile nyingine kabla ya mvua za Desemba.