Wauza samaki wa mapambo Kisumu na Nakuru: kifaranga cha mumi si "kambare adimu", acheni kutuibia!

Wadau, hili limezidi. Kila mara anaingia mtu hapa jukwaani na picha ya samaki mwenye sharubu aliyemnunua kwa bei ya kuumiza, kapewa jina la kutisha: chui wa Kongo, joka la Amazoni, papa mdogo. Ukimtazama vizuri ni mumi. Kambare wa kawaida, Clarias gariepinus, yule yule anayeuzwa soko la Kibuye, Kisumu, akiwa amekaushwa kwa moshi.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Vifaranga vya mumi huzalishwa kwa maelfu, na kimoja ni shilingi chache tu. Vingi huishia kuwa chambo cha ndoana za mbuta (sangara). Katika kundi hutokea wachache wenye mabaka ya marumaru. Muuzaji anawachagua hao, anawaweka chini ya taa ya buluu, jina jipya, bei mpya. Na mnunuzi anaenda kuwatia kwenye tangi la 60 × 30 × 35, yaani lita 63 kabla hujaweka mchanga na mawe, pamoja na neon kumi, wale samaki wadogo wa kung'aa. Neon wanaisha usiku, mmoja baada ya mwingine, naye anadhani ni ugonjwa!

Mumi akilishwa vizuri hufika nusu kilo hadi kilo kwa miezi sita hadi tisa. Anapumua hewa, kwa hiyo atavumilia maji machafu ambayo yameshawaua wenzake, na kifuniko kisipobana atatoka usiku umkute sakafuni. Huyo si samaki wa sebuleni, hata awe na rangi ya dhahabu.

Rangi na madoadoa pekee haviwezi kumtambulisha kambare. Hesabu sharubu, kisha tazama mapezi. Mumi ana jozi nne za sharubu, kichwa bapa kigumu, na pezi moja refu la mgongoni linaloanzia karibu na kichwa na kwenda hadi karibu na mkia. Baina ya pezi hilo na mkia hakuna kitu. Kambare wengine wengi wana pezi la mafuta pale, lile la nyama lisilo na miba. Sekunde kumi zinatosha, hata samaki akiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki.

Seu, Bagrus docmak, naye ana jozi nne, lakini pezi lake la mgongo ni fupi, likifuatwa na pezi refu la mafuta, na mkia umegawanyika panda. Anaweza kupita mita moja, kwa hiyo naye mwacheni ziwani. Sire, kambare wa jenasi ya Schilbe, ni bapa ubavuni, kipezi kidogo cha mgongo kiko karibu na kichwa, pezi la chini ni refu mno. Huogelea kwa makundi katikati ya maji. Akiwekwa peke yake anajibanza pembeni na kugoma kula.

Sasa okoko, hapa ndipo uongo umekolea. Jenasi ni Synodontis. Jozi tatu za sharubu, hana za puani, na zile za taya la chini zina matawi. Kichwa kina ngao ya mfupa inayofika hadi kwenye mwiba wa mgongo, na nyuma ya shavu kuna mfupa uliochongoka juu ya pezi la kifuani. Ukimtoa majini anakoroma kwa kusugua miba ya kifuani. Hadi hapo umejua jenasi tu! Ziwa Victoria lina S. victoriae na S. afrofischeri, na ili kujua yupi ni yupi unahitaji urefu wa sharubu za juu ukilinganisha na kichwa, umbo la ule mfupa, na meno ya taya la chini. Anayejibu "victoriae" kwa picha moja yenye ukungu anabahatisha.

Na duka linalomuuza okoko wa ziwani kama "yule anayeogelea chali" linadanganya. Yule ni S. nigriventris wa bonde la Kongo, hapiti sentimita kumi, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Okoko wengi hugeuka chali kidogo wakila chakula kinachoelea. Hilo si kitambulisho.

Okoko wa Ziwa Tanganyika nao wanachanganywa. S. multipunctatus, anayeingiza mayai yake kati ya mayai ya sikilidi (samaki wa jamii ya sato) wanaoatamia mdomoni, ana macho makubwa na tumbo lisilo na madoa. Wengi wanaouzwa kama "petricola mdogo" ni S. lucipinnis, aliyepewa jina rasmi mwaka 2006 tu. Tazama mabaka mepesi kwenye mashina ya mapezi. Halafu kuna machotara wa mashambani, wanaozalishwa kwa sindano za homoni. Hao hawana jina la spishi, na muuzaji mwaminifu husema hivyo.

Pleko, wale kambare wa kunyonya vioo vya tangi: hesabu miale ya pezi la mgongo. Kumi au zaidi, huyo ni Pterygoplichthys, atafika sentimita 40. Saba au nane akiwa mdogo na mpana wa kichwa, huenda ni Ancistrus, anayeishia 12 hadi 15.

Nanyi mnaouliza majina hapa, mmetuchosha pia. Leteni picha ya ubavu, ya juu, na ya chini ya mdomo. Mtie kwenye chombo chembamba cha kioo chenye maji, rula ikiwa pembeni, taa itoke juu, bila flashi. Semeni alikotoka: duka, au mto gani, Nyando, Yala au Nzoia. "Nilimpata Kisumu" haisaidii. Akifa, mgandishe kwenye mfuko wenye maji kidogo. Usimtupe kabla hajatambuliwa.

Jibu la 1
Omera, punguza hasira. Wenye maduka wengi huletewa mifuko ikiwa na majina tayari.

Mwenye uzi
Sawa, lakini pezi la mgongo analiona mbele yake. Kama hajui, aandike "kambare, spishi haijulikani" na ashushe bei.

Jibu la 2
Okoko wangu amenasa kwenye wavu, nikivuta anazidi kukwama. Nifanyeje?

Mwenye uzi
Usivute, dada. Miba ya okoko ina meno ya msumeno na akiogopa huifunga ikisimama. Mrudishe majini na wavu wake, kata nyuzi kuzunguka mwiba kwa mkasi mdogo. Siku nyingine mkamate kwa jagi la plastiki. Akikuchoma, weka kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa, na kama kunavimba nenda zahanati.

Jibu la 3
Na mumi aliyeshafika sentimita 35? Nimwachilie mtoni?

Mwenye uzi
Hapana, kaka! Ametoka kwenye tangi lenye samaki wa nchi nyingine, utapeleka magonjwa yao mtoni. Tafuta mfugaji mwenye bwawa la mumi wa saizi yake. Akiwekwa na wadogo atawala. Umsafirishe kwenye ndoo ya lita 20, maji nusu, kifuniko kimetobolewa na kufungwa kwa kamba. Mwambie mfugaji dawa zote ulizotia kwenye tangi, maana kama kuna malakaiti, ile dawa ya kijani ya fangasi, samaki huyo haliwi.