Mjadala: Lenta za Yaxchilán zirudi Meksiko au zibaki London?

Wakuu, Yaxchilán ni mji wa kale wa Wamaya kwenye jimbo la Chiapas, kando ya mto Usumacinta; ukivuka mto umeingia Guatemala. Jengo la 23, la Bibi Xook, mke wa mfalme Itzamnaaj Balam III (alitawala 681–742), lilikuwa na milango mitatu, na kila mlango lenta yake (boriti ya juu ya mlango) ya jiwe lililochongwa. Kwenye lenta iliyopewa namba 24 bibi amepiga magoti, anapitisha kamba ya miiba kwenye ulimi, damu inaingia kwenye karatasi zilizo kapuni, mumewe kamshikia mwenge. Ya 25, nyoka wa maono anamtokea. Ya 26, mume anajiandaa kwa vita.

Mbili za mwanzo zilichukuliwa na Mwingereza Alfred Maudslay miaka ya 1880, ziko London. Ya tatu iko Mexico City. Jengo moja, kisa kimoja, mabara mawili! Mimi nasema zirudi.

*

Mkuu, zingebaki porini ungeziona? Ipo michongo ya Wamaya ambayo leo inasomeka vizuri kwenye nakala za plasta za Maudslay kuliko kwenye jiwe lenyewe, kwa sababu ya mvua. London nako mvua ipo, ila si ndani ya makumbusho.

*

Hapo umenisaidia. Kama nakala ya plasta inasomeka hivyo, basi London wabaki na nakala. Na habari ya usalama tusidanganyane: lenta ya 56 ya mji huohuo ilipelekwa Berlin kimakosa badala ya London, na mabomu ya Vita Kuu ya Pili yakaimaliza. Iliyopona ni nakala.

*

Samahani, zirudi kwa nani? Hiyo ya 26 yenyewe haiko Yaxchilán. Mmaya wa Chiapas akitaka kuiona inabidi apande basi hadi makao makuu ya nchi. Mnataka kuzitoa mji mkuu mmoja kuzipeleka mwingine.

*

Kweli, ila kwenda Mexico City haombi viza. Ningepewa mimi kuamua, zote tatu zingewekwa Chiapas, kwenye mji wenye barabara, maana magofuni penyewe wengi hufika kwa boti kutoka Frontera Corozal. Lakini kwanza zivuke bahari. Wanaopinga, mna hoja gani nyingine zaidi ya mvua?