Mama ana kidonda mguuni na kuna jamaa anatuuzia udongo wa dawa. Tuendelee kuupaka au tuache?

Bintimuheza

Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri, wenye utani wauweke pembeni kidogo, hili jambo linaninyima usingizi.

Mama yangu ana miaka 61, kisukari mwaka wa nane huu, anameza metformini. Wiki tano zilizopita kandambili mpya ilimchubua chini ya kidole gumba, mguu wa kulia. Hakusema. Mimi ndiye niliyeona soksi ina doa nikamlazimisha avue. Sasa hivi ni kidonda cha ukubwa wa shilingi mia mbili, pembeni pagumu kama sugu, katikati majimaji ya njano. Hakimuumi, na hilo ndilo linalompa kiburi: "Kingekuwa kibaya si kingeuma?"

Tumeosha kwa maji ya chumvi, tumepaka asali, tumepaka jivii, wapi. Kuna kaka hapa mtaani anauza udongo wa kijani kwenye kopo, elfu ishirini na tano. Anasema umetoka Ufaransa, umeponya watu madonda Ivory Coast, na wanasayansi wa Marekani wameupima wakakuta unaua bakteria sugu, wale wasiosikia dawa. Kopo halina hata jina la kiwanda. Mama kashaupaka mara mbili mimi nikiwa kazini. Unakorogwa na maji mpaka unakuwa kama uji mzito, ukikauka unapasuka vipande kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Mara ya pili alipobandua, kipande kimoja kikatoka na kinyama chekundu na damu. Mwenyewe anafurahi, eti uchafu unatoka.

Haya ya Ivory Coast ni kweli au ni biashara? Na kama ni kweli, tuendelee?

Mgosi_wa_Kaya

Elfu ishirini na tano ya tope. Nchi hii ukikosa hela umeamua.

Mama Chanja

Pole dada. Mimi nisiwe mnafiki, bibi yetu alitupaka udongo wa kichuguu kwenye kila jeraha na wote tuko hai. Vya wazee msividharau. Kama mnaogopa vijidudu, ukaangeni kwanza kwenye kikaango, ukipoa ndiyo mpake.

Maabara_Kona

Bintimuheza, huyo kaka hajakudanganya kila kitu, na hapo ndipo penye ugumu.

Ya Ivory Coast ni kweli. Kulikuwa na mama wa Kifaransa, Line Brunet de Courssou, akiwatibu watu wa kule wenye donda la Buruli, ugonjwa wa bakteria unaokula ngozi na nyama, kwa kuwapaka udongo wa kijani kutoka kwao. Mwaka 2002 akapeleka kumbukumbu za wagonjwa wake Shirika la Afya Duniani, Geneva. Baadaye udongo wenyewe ukafika Marekani, Chuo Kikuu cha Arizona State, mikononi mwa mwanajiolojia Lynda Williams na mtaalamu wa bakteria Shelley Haydel.

Wauzaji huikatia hadithi hapo. Utamu wake uko mbele. Udongo uliopimwa ulikuwa wa aina mbili, yote ya kijani, yote ya Ufaransa. Hata walipochunguza madini na muundo wake, ilikaribiana mno. Majibu yalitoka mwaka 2008: mmoja uliua bakteria wa ikolai na salmonela, ukawapunguza nguvu hata bakteria wa stafilokokasi sugu. Pacha wake haukufanya lolote, na kuna bakteria ambao uliwastawisha kabisa, kama umewapikia ugali. Sasa kopo lisilo na jina, hilo lina yupi kati ya hao wawili? Kwa macho hujui. Mimi mwenye maabara kwa macho sijui.

Kinachoua ni metali zilizomo. Kuna udongo wa buluu wa Oregon uliochunguzwa sana: una chuma ambacho bado hakijashika kutu. Ukilowa, chuma kinatoka na kuingia ndani ya bakteria, kinazalisha kemikali kali zinazomuunguza kwa ndani, huku alumini ikimharibia utando wa nje. Na kule Kanada, Wahindi Wekundu wa taifa la Heiltsuk wana udongo wa Kisameet walioutumia vizazi na vizazi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha British Columbia waliujaribu kwa aina 16 za bakteria sugu wa hospitalini, wote wakafa. Kwa hiyo mtu akikwambia udongo hauna kitu kabisa, naye hajui. Lakini waliokufa walikuwa kwenye vichupa. Mguu wa mtu mwenye kisukari si kichupa.

Mama Chanja, la kukaanga nalo lilijaribiwa kwa namna yake. Ule udongo wa Ufaransa ulichomwa hadi nyuzi 550 ukaendelea kuua, ulipofika 900 nguvu ikaisha. Ila usio na nguvu hata ukiukaanga mpaka kesho hauipati. Na pepopunda inakaa udongoni, mbegu zake zinahimili hata maji yanayochemka. Sisi vyombo tunavisafisha kwa mvuke wa nyuzi 121 chini ya mgandamizo. Kikaango cha nani kinajua kimefika ngapi na kimekaa muda gani?

Mama Chanja

Haya profesa. Lakini bibi alikuwa hajui pepopunda na tulipona.

Maabara_Kona

Waliopona ndio wanaosimulia, mama yangu.

Nesi wa Zamu

Kemia nawaachia wenyewe. Mimi kwenye maelezo yako nimeona neno moja tu: *hakimuumi*. Kidonda cha ukubwa huo, chini ya unyayo, anakikanyaga wiki tano na hakimuumi? Hiyo ni mishipa ya fahamu imeshachoka kwa sukari.

Fanya hivi leo. Mkalishe, afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako mguse taratibu, bila kukandamiza, kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Kila ukigusa aseme kulia au kushoto. Katika mara sita akikosa mbili au zaidi, hisia zimepungua, na huyo mtu hafai kujiamulia kama kidonda ni kibaya kwa kusikilizia maumivu.

Kile kinyama chekundu hakikuwa uchafu. Ndiyo nyama mpya ilikuwa inaota, mmeing'oa. Udongo ukibaki umeganda msiubandue, muuloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka uachie wenyewe. Na ile sugu ya pembeni lazima ikatwe na mtu anayejua, maana kila hatua inakandamiza kidonda. Unaweza kuweka dawa ya dhahabu juu yake, kama anaendelea kukikanyaga hakifungi.

Ukiona weusi, harufu, wekundu unapanda juu ya mguu, au homa, usingoje kesho.

Kwa faida ya wengine, udongo hospitalini upo. Kuna bandeji za kitambaa zimetiwa kaolini, ule udongo mweupe, wanajeshi wa Marekani wanazibeba vitani. Kaolini ikikutana na damu inaiamsha igande haraka. Lakini imesafishwa, imefungwa, na kazi yake ni kuzuia damu, basi.

Ssebo_wa_Nakasongola

Niwasalimu ndugu zangu wa Tanzania. Mniwie radhi Kiswahili changu cha Kampala. Hiyo Buruli mnayoitaja ni jina la huku kwetu, ugonjwa ulipewa jina la kaunti yetu. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliwaandika wagonjwa wenye madonda kama hayo tangu 1897. Nao unaanza bila maumivu, kijivimbe tu, mtu anapuuza mpaka nyama inaisha.

Nataka muone kitu. Ule udongo umepata sifa kwa ugonjwa huo, sivyo? Leo mtu akigundulika nao anapewa vidonge, rifampisini na klarithromaisini, wiki nane. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Udongo haumo. Kwetu pia kina mama wana emmumbwa, udongo uliochanganywa na dawa za miti ukakaushwa kama kijiti, wanausugua kwenye maji wakiwa wajawazito. Nimekua nao, siukashifu. Lakini hakuna jjajja, yaani bibi, aliyeniambia niuweke kwenye donda la kisukari.

Mgosi_wa_Kaya

Bintimuheza mbona kimya? Lete mrejesho.

Bintimuheza

Samahanini wakuu, nilikuwa kwenye mizunguko. Asanteni sana wote.

Nilifanya jaribio la Nesi usiku uleule. Mguu wa kulia hakupata hata kimoja. Nilikuwa nimeshika kidole gumba chake na ananiuliza, "Mbona huanzi?" Nilitoka nje kwanza.

Asubuhi tukaenda hospitali. Sukari ilikuwa 19 na ushee. Walilowesha mabaki ya udongo kwa maji ya dripu karibu nusu saa, maana mengine yalikuwa yameingia chini ya sugu. Chini yake kulikuwa na usaha ambao tusingeuona, udongo ulikuwa umeuziba. Wakakata sugu, wakachukua usaha kwenda kuuotesha maabara wajue ni bakteria gani, picha ya mguu inaonyesha mfupa bado mzima. Sindano ya pepopunda amechomwa, vidonge amepewa, insulini ameanza, na tunarudi kusafisha kila baada ya siku moja. Kandambili zimepigwa marufuku, anatembelea gongo na kulalamika kwamba anaonekana mzee.

Leo siku ya kumi na mbili. Kidonda kimeshuka, sasa ni kama shilingi hamsini, na chekundu safi.

Muuzaji amenipigia jana. Anaomba picha za "kabla na baada" aweke stetasi. Nimemwambia za kabla ninazo, zile zenye udongo wake.