Robo inchi SIYO milimita 6! Wauza biti za CNC mnatuumiza sisi tunaoanza

Wakuu, nina hasira, lugha mtanivumilia.

Mbele yangu kuna kibao cha mninga cha milimita 20. Kilikuwa kiwe kibao cha jina la nyumba ya shangazi yangu. Herufi zinachongwa na CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta na kukata kwa biti inayozunguka, na zilitakiwa zizame milimita 4 tu. Herufi ya kwanza safi, ya pili safi, kuanzia ya tatu mfereji unazama, unazama, mpaka ya tano kibao kimetoboka na meza ya mashine chini imechimbwa. Mninga, wakuu! Mnajua bei yake siku hizi.

Nianze mwanzo. Mashine yangu ni ndogo, ya mezani, nimeiunga mwenyewe. Haina spindo ya maana (mota ya kuzungushia biti), nimeifunga ruta ya mkono, ile ya maseremala, yenye koleti (kishikio kinachobana shina la biti) ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Nikaenda dukani nikasema kabisa: naanza, nataka biti za mbao. Jamaa akanitolea kisanduku cha biti 30. "Bosi wangu, hapa umemaliza, kila kazi imo."

Kufika nyumbani, zote 30 ni biti ile ile! Ncha kama ya penseli, digrii 20, upana wa ncha milimita 0.1. Hizo ni za kuchorea njia za shaba kwenye bodi za elektroniki. Ukizigusisha mbao ngumu ncha inakatika na hujui imeangukia wapi. Halafu shina lake ni milimita 3.175, kwenye koleti yangu linacheza kama mchi kwenye kinu.

Nikarudi, sikugombana. Nikaomba biti bapa yenye meno mawili, shina la robo inchi. Nikapewa. Hiyo ndiyo iliyoua kibao cha shangazi.

Sauti ya ruta ilibadilika kwanza, kutoka kulia hadi kukoroma. Nilipobonyeza kizimio nilikuwa nimeshachelewa. Nikaichomoa biti: shina lina michubuko ya duara na weusi wa kuungua. Nikaweka kalipa, kile kipimio cha unene. Milimita 6.00. Siyo 6.35. Koleti za ER, zile za kwenye spindo za CNC, zina nafasi ya kubana kidogo, lakini ya ruta ya mkono imetengenezwa kwa saizi yake moja tu, ukikaza mpaka spana ilie bado haijashika sawasawa. Na biti inayopandisha maranda juu, kwa jinsi mikunjo yake ilivyosokotwa, mbao inaivuta kwenda chini. Koleti ikiachia hata kidogo, biti inashuka yenyewe huku programu inaamini iko milimita 4.

Nikapiga simu dukani. Jibu: "Kaka, robo inchi na sita si kitu kimoja hicho? Kaza tu vizuri." Si kitu kimoja! Tena tulia ufikirie, kitu hicho kilikuwa kinazunguka mara 30,000 kwa dakika, mita moja kutoka usoni mwangu.

Na nyie wajuzi wa humu nanyi mna lenu. Mgeni akiuliza anunue biti gani, jibu ni "inategemea", kisha kimya. Inategemea nini? Aliyenisaidia ni mzee mmoja seremala jirani yangu, hajawahi kugusa kompyuta. Alisimama mlangoni, akachota vumbi chini ya mashine, akalisugua vidoleni. "Mwanangu, hii inatoa unga. Randa yangu ikitoa unga badala ya maranda, najua haikati, inasugua."

Nikakaa nikapiga hesabu. Nilikuwa nazungusha biti mara 30,000 kwa dakika huku mashine inatembea milimita 300 kwa dakika. Kwa meno mawili, kila jino linakula milimita 0.005. Hilo si kukata, ni kupiga msasa kwa chuma, ndiyo maana mbao inaungua na biti inakufa mapema. Nikashusha hadi 18,000, nikapandisha mwendo hadi 1,800, kila jino likapata 0.05, nikapunguza kina kwa kila pitio maana fremu yangu si ngumu. Maranda yakaanza kuruka, na harufu ya kuungua ikaisha. Biti ni ya aina ile ile, safari hii ya shina la 6.35 kweli, nimeipima kabla ya kulipa huku muuzaji ananinunia.

Nani angepungukiwa nini kuniambia hayo siku ya kwanza? Kwamba biti moja bapa ya meno mawili na moja ya V ya digrii 60 au 90 kwa maandishi zinatosha kuanzia. Kwamba plaiwudi inachanika juu ukitumia ya kupandisha, inataka ya kushusha, ila ya kushusha inashindilia maranda kwenye mfereji, kwa hiyo usizame sana. Akriliki nayo jino moja, la sivyo inayeyuka na kuganda kwenye biti. Maneno ya dakika mbili haya. Badala yake nimeuziwa penseli 30.

Sasa naomba mwenye kujua: Dar hii kuna duka linalokuruhusu kuingia na kalipa yako bila kukutolea macho? Na koleti ya milimita 6 ya ruta ya mkono nitaipata wapi, maana ile biti sijaitupa, pesa yangu imo. Msinielekeze kule kule nilikotoka tafadhali, kisanduku chao nakitumia kushikilia mlango.