Mtaalamu wa saikolojia anayesema "mimi nachanganya mbinu" aniambie: anachanganya kwa kipimo gani?

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Atakayeona nimevuka mpaka anivumilie.

Nina tatizo la hofu ya ghafla. Moyo unadunda kama unatafuta pa kutokea, mikono inakufa ganzi, pumzi haishuki, na kwa dakika kama kumi nina hakika nakufa. Moyo umepimwa, mzima. Nikaambiwa nenda kwa watu wa saikolojia. Nimekwenda kwa watatu.

Wa kwanza alikuwa wa upande wa Freud, wale wanaotafuta mzizi wa tatizo kwenye mambo ya zamani yaliyojificha akilini, miezi minane tunachimba utoto wangu. Wa pili alikuwa wa tiba ya fikra na tabia, akanipa karatasi yenye safu: tukio, wazo, hisia, ushahidi. Nilipomgusia niliyoyagundua kuhusu mama yangu kwa yule wa kwanza, akatabasamu: "Hayo tuyaweke pembeni, dada yangu, sisi tunaangalia ya leo." Na yule wa kwanza nilipomuaga aliniambia naenda kubandikwa plasta juu ya jipu. Madhehebu mawili yanagombea muumini mmoja. Lakini sina kesi nao sana, kwa sababu kila mmoja alijua anafanya nini na kwa nini.

Kesi ni ya wa tatu.

Huyu siku ya kwanza alinifurahisha. "Mimi sifungwi na shule moja ya tiba, nachukua kizuri popote kilipo." Nikasema hatimaye! Wiki ya kwanza tukajifunza kupumua kwa tumbo. Wiki ya pili kiti kitupu mbele yangu, nizungumze na baba kana kwamba amekaa pale. Wiki ya tatu nifuate kidole chake kwa macho, kushoto, kulia. Ya nne karatasi ya safu tena. Nikamuuliza, daktari, juzi kiti, leo karatasi, tunaelekea wapi? Akasema, "Nimehisi leo unaihitaji."

Amehisi!

Sasa sikilizeni wiki ya sita. Akanikalisha kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu akanizungusha dakika nzima, kisha nikapumua kupitia mrija mwembamba huku nimebana pua. Kizunguzungu, moyo mbio, jasho. Zoezi lenyewe ni halali kabisa, lina utafiti nyuma yake: unaleta zile dalili kwa makusudi, unakaa nazo bila kuzikimbia, mpaka mwili ujionee kwamba moyo kwenda mbio hakuui. Ila yeye, moyo ulipoanza tu kupanda, akaniambia, "Haya, ile pumzi yetu ya tumbo, tulia, tulia."

Mnaona alichofanya? Mkono mmoja unafundisha "hii hali haina hatari", mwingine unafundisha "izime haraka kabla haijakudhuru". Nikatoka pale nimejifunza kitu kimoja tu: nimenusurika kwa sababu ya ile pumzi. Baada ya mwezi nilikuwa sitoki nyumbani bila kupumua kwanza mara ishirini kwa kuhesabu. Nikikosea hesabu naanza upya. Pumzi imekuwa hirizi.

Na hili halikuwa siri. Mwaka 2000 Norman Schmidt na wenzake walichapisha utafiti ambao uliivunja tiba ya hofu ya ghafla vipande vipande waone kipi kinafanya kazi, na mafunzo ya kupumua hayakuongeza faida ya maana juu ya vile vingine. Ni vitu ambavyo mimi mgonjwa nimevisoma kwa simu usiku nimekosa usingizi. Yeye je?

Kabla hamjanirukia: sipingi kuchanganya. Mwanasaikolojia Marsha Linehan alichukua mbinu za kubadili tabia akaziunganisha na kuikubali hali ilivyo, jambo alilolitoa kwenye mafunzo ya Zen ya Wabudha, na akaipima tiba yake kwa majaribio yaliyochapishwa 1991. Mwanasaikolojia mwingine, Stanley Messer, 1992, alieleza namna nyingine: una nyumba yako, nadharia moja unayoijua vizuri, halafu unakaribisha mgeni kutoka shule nyingine ukijua atalala chumba gani. Huyu wangu hakuwa na nyumba. Alikuwa na wageni tu.

Nilipolalamika akanijibu jibu ambalo nadhani wanalikariri chuoni: mbinu zote matokeo yake yanakaribiana, kinachoponya ni uhusiano. Hoja ni ya zamani, mwanasaikolojia Saul Rosenzweig aliianzisha 1936, na ina ukweli wake. Ila mwenye kuitumia aisome mpaka mwisho. Mwenzao Edward Bordin mwaka 1979 aliueleza huo uhusiano kuwa na mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Mimi nilipewa moja, mtu mpole. Lengo hatukuwahi kulitaja. Kazi alikuwa "anazihisi".

Watafiti nao wasijifanye hawamo. Mnachuja watu mpaka anabaki mwenye tatizo moja safi, mnaandika kwa lugha ya kusomana wenyewe, halafu mnashangaa aliye kliniki hawasomi. Mwaka 1949 wanasaikolojia walikutana Boulder, Marekani, wakakubaliana mtaalamu afundishwe kuwa mtafiti na mtoa tiba kwa pamoja. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Lakini lililonichoma zaidi ni hili. Siku ya kwanza nilijaza fomu ya maswali 7 ya wasiwasi, ile ambayo juu kabisa ni alama 21, na alama zikipanda maana yake wasiwasi umezidi. Nilipata 17. Haikurudi tena mezani. Kuna utafiti wa 2005 ambapo wataalamu waliulizwa ni wateja gani kati ya 550 wataishia wakiwa na hali mbaya zaidi. Wakawataja 3. Walioishia vibaya walikuwa 40, na kati ya wale 3 waliotajwa ni mmoja tu aliyekuwemo. Hisia za mtaalamu hizo. Fomu ni dakika mbili, mtu unaijaza ukiwa bado unasubiri kuitwa.

Siku naacha niliomba faili langu. Juu ya ile karatasi kuna tarehe ya kwanza na 17, chini yake safu za tarehe nyingine, tupu mpaka mwisho. Nikakaa kwenye benchi pale nje, nikachukua kalamu nikajijazia mwenyewe. 19.

Wataalamu mliomo humu, jibuni swali la kichwa cha uzi. Na tafadhali, asianze mtu na "kila mteja ni wa kipekee".