Je, kigango kinaweza kumhifadhi mkimbizi anayetakiwa kurudishwa ng'ambo ya Ruvuma?

Swali: Katibu wa halmashauri ya walei, Newala

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, naleta swali ambalo halmashauri yetu imelijadili katika vikao viwili bila kulimaliza, na Padre Paroko ameagiza tuwaulize wenye kujua kabla ya kupiga kura yoyote.

Mwaka 2021, wiki chache baada ya mji wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kushambuliwa tarehe 24 Machi, katekista wa kigango chetu cha bondeni, yaani kanisa dogo chini ya parokia, aliwakuta alfajiri wanawake wawili na watoto watano wamelala barazani. Walizungumza Kimakonde cha upande wa pili, ambacho sisi tunakielewa bila mkalimani, na mmoja wao alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni kwa kipande cha turubai, kwa sababu kanga yake ilichukuliwa na maji walipokuwa wakivuka. Katekista aliwafungulia kanisa, na akina mama wa jumuiya wakawapikia uji. Siku ya pili gari likafika, maofisa wakasema kwamba watu wale wanapaswa kurudishwa kwao, nasi, kwa kuwa hatukuwa tumewaza lolote kabla ya saa ile, tukawasaidia kupanda. Mimi mwenyewe nilimnyanyua mtoto mmoja nikampitisha juu ya bodi ya gari. Alikuwa bado ameshika kikombe cha plastiki cha uji.

Julai ya mwaka huohuo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu Msumbiji kupitia Negomano. Wanaolijua Daraja la Umoja pale Mtambaswala wanajua kwamba Negomano iko ng'ambo yake tu, ndani ya mkoa uleule wa Cabo Delgado ambao watu hao walikuwa wakiukimbia.

Swali langu ni hili: likitokea tena, je, tuna haki, au hata wajibu, wa kuwaambia maofisa kwamba watu hawa wako ndani ya nyumba ya Mungu na kwamba hatutawatoa? Katika kikao mzee mmoja alisoma Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Mama mmoja akamjibu kwa Mathayo 25, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Wote wawili walisoma sawasawa, na kikao kikafungwa hapo.

Jibu la 1: Mwalimu mstaafu, Masasi

Milele na milele, amina. Mimi ni Mwanglikana, lakini jambo hili halina dhehebu, na kwa sisi wa Masasi ni jambo la nyumbani, kwa maana mji wetu wa misheni ulianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja, kwa njia ya Lindi, watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la kwanza hapa lilijengwa na watu waliokuwa wakitafuta mahali ambapo hawangekamatwa tena.

Naomba kwanza tutenganishe kuhifadhi na kuficha, kwa sababu nadhani kikao chenu kimekwama hapo. Soma Yoshua 20. Mtu aliyekimbilia mojawapo ya ile miji sita ya makimbilio hakuingia kwa kunyemelea usiku. Alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari yake wakimsikia, nao wakampa mahali pa kukaa hadi asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Uingereza ya zamani ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo, ambapo mtu aliyeingia kanisani alikuwa na siku 40 za kuchagua kati ya kwenda mahakamani na kuapa kwamba ataihama nchi, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1624. Hata Kanisa lenu Katoliki lilikuwa na kanuni juu ya haki ya kukimbilia kanisani katika mkusanyo wa sheria zake wa mwaka 1917, lakini katika mkusanyo mpya wa mwaka 1983 kanuni hiyo haimo. Kwa hiyo, Katibu, tusidanganyane: hakuna ukuta wa kanisa leo, kwetu, ambao kisheria unamzuia ofisa kuingia.

Hata hivyo, makanisa ya nchi nyingine hayakuacha kuhifadhi watu kwa sababu ya kukosa sheria hiyo. Tarehe 24 Machi 1982, kanisa la Southside Presbyterian la mjini Tucson, Marekani, likiongozwa na mchungaji John Fife, lilitangaza hadharani kwamba linawapokea watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala, ambao serikali ilikuwa ikiwanyima hifadhi na kuwarudisha. (Tarehe hiyo waliichagua kwa sababu ndiyo aliyouawa Askofu Mkuu Oscar Romero wa El Salvador, mwaka 1980. Na kwa kuwa ni tarehe ileile Palma iliposhambuliwa, mimi siwezi kuisoma bila kunyamaza kidogo.) Walishitakiwa, na mwaka 1986 wanane kati yao wakatiwa hatiani, ingawa hakuna aliyefungwa gerezani. Mwaka 1991, baada ya makanisa kuifungulia serikali kesi, serikali ilikubali kusikiliza upya maombi ya Wasalvador na Waguatemala waliokuwa wamekataliwa. Na huko The Hague, Uholanzi, kanisa la Bethel liliendesha ibada mfululizo, usiku na mchana, kwa siku 96, kuanzia Oktoba 2018 hadi mwisho wa Januari 2019, wachungaji wakipokezana, kwa kuwa sheria ya nchi ile haiwaruhusu polisi kukatiza ibada. Ndani mlikuwa na familia moja kutoka Armenia iliyotakiwa kurudishwa, na mwishowe familia hiyo ikaruhusiwa kubaki.

Utaona kwamba kote huko mlango ulikuwa wazi na majina ya waliokuwamo yalijulikana kwa serikali. Kanisa lilichokuwa linaomba ni muda, ili mtu asikilizwe kabla ya kupakiwa.

Sasa njoo kwetu. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, na miongoni mwa wanaoweza kumpokea yumo mtendaji wa kijiji. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza hata kumzuia mpakani mtu ambaye akirudi maisha yake yatakuwa hatarini. Wale wanawake wawili walikuwa na siku moja tu nchini. Walikuwa bado na siku sita za kusikilizwa, na hapakuwa na mtu barazani pale aliyejua kuzitaja. Mzee aliyesoma Warumi 13 mwambieni kwamba mamlaka iliyo kuu imeandika sheria hii pia.

Jibu la 2: Mkulima wa korosho, Tandahimba

Mwalimu ameandika vizuri, lakini ninyi wa Masasi mko mbali na mto. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya siku zile sisi tulilala mashambani, chini ya mikorosho, tukiogopa kila sauti. Sasa mtu anapofika usiku, Katibu atamjuaje aliyekimbia panga na aliyelishika? Hata katika nchi yetu, kazi ya kuchunguza ni ya vyombo vya ulinzi, wala katekista hakusomea kazi hiyo.

Na kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi. Mwaka 1994, huko Rwanda, watu waliingia makanisani kwa maelfu kwa imani hii hii tunayoizungumza, kwamba hakuna atakayethubutu kuwagusa. Waliuawa humohumo, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kule Nyange paroko mwenyewe, Athanase Seromba, alipatikana na hatia kwa yaliyotendeka katika kanisa lake, na mahakama iliyomhukumu kifungo cha maisha ilikaa hapa hapa kwetu, Arusha. Kumwambia mtu "ingia, uko salama" wakati huna nguvu ya kumlinda ni kumbebesha hatari nyingine. Mimi nisingependa kanisa langu liahidi lisichoweza.

Jibu la 3: Imamu, Mikindani

Assalamu alaykum. Naomba kuingia kwa heshima, kwa kuwa mtu akivuka mto usiku haangalii kama jengo lina msalaba au mwezi. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliwaelekeza waende Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi, kabila lililotawala Makka, walituma wajumbe na zawadi ili watu wao warudishwe. Najashi hakuzipokea zawadi, wala hakuwafukuza wajumbe kabla ya kusikia. Aliwaita wakimbizi mbele yake, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, ndipo akakataa kuwatoa. Nadhani huyu ndiye hakimu ambaye Mwalimu anamtafuta.

Nimwambie na ndugu yangu wa Tandahimba kwamba hofu yake ni ya haki, na hakuna anayeidharau. Hata hivyo, Qur'ani katika Sura ya tisa, aya ya sita, inazungumzia mtu wa upande wa maadui anayeomba kulindwa, na amri yake ni kwamba alindwe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aya hiyo ilishuka wakati wa vita.

Jibu la 4: Mama wa Rutamba, Lindi

Baba yangu alivuka Ruvuma mwaka 1965 akitokea Mueda, Msumbiji, akiwa kijana, vita vya ukombozi vya FRELIMO dhidi ya Wareno vikiwa ndiyo vimeanza. Alipokewa hapa Rutamba, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wakimbizi ardhi, akalima muhogo na ufuta, akaoa. Mimi ni Mtanzania, wanangu ni Watanzania. Ndiyo maana kila nikisikia neno "hawa si wa kwetu" ninatazama mikono yangu.

Alikuwa akituambia kwamba usiku wa kwanza upande huu alilala nyumbani kwa mwalimu wa dini, katika kijiji ambacho jina lake hakulishika. Asubuhi mwalimu yule alivaa kanzu yake safi, akamshika mkono, akaongozana naye hadi kwa mkubwa wa pale, akasema: "Huyu amelala kwangu, nimekuja naye aseme mwenyewe yaliyomkuta." Baba hakumsahau yule mtu hadi anazikwa. Alisema kilichompa nguvu si kulazwa, kwa maana hata porini angelala. Ni kwamba mtu mzima, anayeheshimiwa, alikubali kuonekana akitembea naye mchana.

Katibu, nisamehe kwa kusema hivi, lakini wale wanawake wako hawakutembea na mtu.

Mleta swali: Katibu

Mama, huna la kuomba radhi. Nimesoma maneno yako nikiwa nimekaa na katekista, na tumekaa kimya muda mrefu.

Naona sasa kwamba swali langu nililiuliza vibaya. Nilikuwa nauliza habari ya kufunga mlango, nanyi mnanijibu habari ya kwenda na mtu mahali. Ndugu wa Tandahimba naye amenisaidia, kwa kuwa hatutamwambia mtu yeyote kwamba kigango chetu kitamlinda dhidi ya silaha. Lakini bado kuna jambo moja. Tuseme mtendaji hayupo, au yupo na anaogopa, na gari limefika kabla ya siku saba kwisha. Hapo tusimame wapi?

Jibu la 5: Mwalimu mstaafu, Masasi

Msimame mlangoni, mkiwa wengi, mchana, bila kumgusa ofisa wala kumzuia kwa mwili. Mwenye kusema awe mmoja, Padre akiwapo awe yeye, na aseme kwamba watu hawa waliingia tarehe fulani, kwamba wanaomba hifadhi, na kwamba barua ya kuwatambulisha imeshapelekwa kwa mtendaji na nakala kwa askofu. Barua iandikwe saa ileile wanapofika, kabla ya uji kuiva. Ofisa akisisitiza kuwachukua, ombeni mmoja wenu apande nao gari hadi wanakopelekwa, na majina yao yaandikwe katika daftari la kigango kama mnavyoandika ubatizo. Ofisa naye ni mtu wa kwetu, mara nyingi ametumwa, na karatasi yenye tarehe inampa sababu ya kupiga simu kwa mkubwa wake badala ya kuwasha injini.

Akikataa yote hayo, atawachukua, na mtakuwa mmeshindwa siku hiyo. Lakini askofu atakuwa na majina ya kuyaulizia kesho yake.

Mleta swali: Katibu

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Nitapeleka mapendekezo mawili: barua iwe imeshaandikwa, ikisubiri majina na tarehe tu, na ikae kwa katekista pamoja na ufunguo, na iwepo zamu ya watu wazima watatu kutoka kila jumuiya wa kuongozana na mgeni hadi kwa mtendaji. Imamu, kama utaridhia, ningependa zamu hiyo iwe na mtu wa msikiti wa kijijini kwetu, na ninaomba unielekeze nimwendee nani.

Zamu ya kwanza nimejiandika mimi.