E. coli K-12 kwenye M9: nimepunguza amonia lakini glutamini sintetazi haipandi

PipetiKavu
Wakuu, naomba msaada. Naotesha E. coli K-12 (aina ya maabara) kwenye M9, mchuzi wa chumvi wa kuoteshea bakteria, yenye glukosi 0.4%. M9 ya kawaida ina NH4Cl gramu 1 kwa lita, yaani 18.7 mM, nimeishusha hadi 5 mM ili seli zipate njaa ya nitrojeni. Navuna OD (kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wa mchuzi) ikifika 0.5, napoza kwenye barafu, nazungusha kwenye sentrifuji, kisha napima glutamini sintetazi (GS), kimeng'enya kinachotengeneza glutamini kwa amonia, kwa njia ya hidroksilamini, 540 nm. Matokeo ni yaleyale ya M9 ya kawaida. Jambo la pili: nikiongeza amino asidi ya valini 1 mM, seli zinaacha kukua kabisa. Kwa nini?

Amtb
Mkuu, seli zako bado zimeshiba. OD 1 inameza takriban 4 mM ya nitrojeni, kwa hiyo kwenye 0.5 umetumia 2 na zimebaki 3. Hizo zinaitosha hata glutamati dehidrojenasi, kimeng'enya kingine cha kukamata amonia, ambacho hulegea amonia ikishuka chini ya 1 mM hivi. GS huikamata amonia hata kwenye 0.1 mM, ila kila molekuli inakula ATP (nishati ya seli) moja, na seli haiingii gharama hiyo pasipo haja.

Weka NH4Cl 3 mM (gramu 0.16 kwa lita), uache glukosi palepale. Ukuaji utasimama OD ikiwa karibu 0.7, ingawa mashine hutofautiana. Chukua sampuli kila dakika 10 kuanzia 0.5, uone GS inavyopanda.

Na ujue hili: bakteria huyu hapimi amonia ya nje, anapima glutamini yake ya ndani. Glutamini ikipungua, kimeng'enya GlnD hubandika kikundi cha UMP kwenye PII, protini ya kupima hali ya nitrojeni. PII yenye UMP humfanya GlnE, kimeng'enya kingine, aondoe AMP, kikundi kinachoizima GS, na GS inaamka. Wakati huohuo protini NtrB inaachiwa iipe protini NtrC fosfati, na NtrC pamoja na sigma 54 (kipande cha mashine ya kusoma jeni) wanawasha glnA, jeni ya GS yenyewe. Glutamini ikirudi, yote yanageuka. PII husoma pia 2-oksoglutarati, zao la kaboni, kwa hiyo kaboni nayo ina sauti.

Sampuli_Baridi
Hata ukirekebisha amonia, uvunaji wako utakuharibia. Seli zikikaa kwenye barafu na sentrifuji, GlnE anaendelea kubandika na kubandua AMP, na unachopima si hali iliyokuwa kwenye chupa. Mimina CTAB (aina ya sabuni) moja kwa moja kwenye chupa ikiwa bado ina joto lake, ifike 0.1 mg/ml, tikisa dakika chache, ndipo upoze na kuzungusha. CTAB hutoboa utando na kugandisha hali ya AMP.

Kisha pima mara mbili: kwa Mn²⁺ ya takriban 0.3 mM pekee, halafu kwa Mn²⁺ hiyohiyo pamoja na Mg²⁺ 60 mM. Kipimo cha kwanza kinatoa GS yote, cha pili ile isiyo na AMP. GS ina vipande 12, basi wastani wa AMP ni 12 × (1 − cha pili ÷ cha kwanza). Hesabu hiyo inasimama tu kwenye pH ambapo GS yenye AMP na isiyo nayo zinafanya kazi sawa kwa Mn²⁺. pH ya bakteria Klebsiella si ya E. coli, usinakili.

Valini: K-12 ana hitilafu kwenye jeni ilvG, hivyo hana asetohidroksiasidi sintazi ya II, kimeng'enya cha njia ya kutengeneza valini na isolusini, ambacho valini haikigusi. Zilizobaki, ya I na ya III, valini inazizima, na isolusini haitengenezwi tena. Ongeza isolusini, ukuaji utarudi.

PipetiKavu
Asanteni sana. Naweza kutumia glutamini badala ya amonia? Si itazima GS?

Amtb
Haitazima. Glutamini 0.2% ikiwa chanzo pekee cha nitrojeni, GS hupanda vizuri, kwa sababu inaingia polepole na ya ndani inabaki chini. Ukiongeza amonia juu yake ndipo GS inashuka. Ichuje kwa kichujio cha 0.2 µm, usiipitishe kwenye otoklevu: joto linaivunja na kutoa amonia, na utarudi ulikoanzia.